Daftari la Wasio na Kazi

Mwanzoni mwa mwaka 1964, wiki chache tu baada ya Kenya kupata uhuru, serikali ya Jomo Kenyatta, waajiri na vyama vya wafanyakazi walifikia mapatano ambayo hayakuwa na mfano katika Afrika Mashariki. Waajiri binafsi waliahidi kuongeza wafanyakazi kwa asilimia 10. Serikali iliahidi kuongeza wa kwake kwa asilimia 15. Vyama vya wafanyakazi navyo vilikubali kuweka kando kwa muda migomo na madai ya nyongeza ya mishahara. Aliyetaka kazi alitakiwa kwenda kuandikisha jina.

Watu walikwenda kwa maelfu. Orodha ilipofungwa ilikuwa na majina zaidi ya 200,000, katika nchi ambayo watu wote waliokuwa kwenye ajira ya mshahara wakati huo hawakufika laki saba. Nafasi zilizopatikana zilitosha sehemu ndogo tu ya walioandikishwa. Mwaka 1970 mapatano ya namna hiyo yalirudiwa, na safari hii waliojitokeza walikaribia 290,000.

Watu hao walikuwa wapi siku moja kabla ya daftari kufunguliwa? Hakuna jamii yenye watu laki mbili waliokaa tu barazani bila kushika chochote, wakisubiri tangazo. Wengi walikuwa na kipande cha shamba kwao, au walikuwa wakisaidia dukani kwa ndugu, wakichoma makaa, wakibeba mizigo sokoni. Mkaguzi yeyote angewakuta na shughuli. Hata hivyo, waliposikia kwamba kuandikishwa kunaweza kuleta kazi ya mshahara, walijitambulisha kwa jina ambalo siku zote walijua kuwa ni lao: watafuta kazi.

Tukio hilo liliwashughulisha wachumi. Wamarekani wawili, John Harris na Michael Todaro, walichapisha mwaka 1970 makala ambayo hadi leo inafundishwa vyuoni, na Kenya ilikuwa mfano wao mkubwa. Walisema mtu wa shamba hatazami mshahara wa mjini peke yake, bali hupima pia uwezekano wa kuupata. Nafasi zikiongezwa mjini, matumaini hupanda, na wanaozifuata huweza kuwa wengi kuliko nafasi zenyewe. Maelezo hayo yana nguvu. Lakini daftari la 1964 linaonyesha jambo jingine ambalo wachumi walilipitia haraka: idadi ya wasio na kazi hutegemea sana kile ambacho mtu anatarajia kitampata akishahesabiwa. Historia ya takwimu za ajira katika Afrika Mashariki inasomeka vizuri zaidi ukianzia hapo.

Kabla ya uhuru, kuingia kwenye daftari la serikali lilikuwa jambo la kuogopwa. Nchini Kenya sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ilimlazimisha kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 kubeba kipande. Kilikuwa karatasi iliyotiwa ndani ya kikebe cha chuma na kuning'inizwa shingoni. Ndani yake mlikuwa na alama za vidole, jina la mwajiri, mshahara, tarehe ya kuanza kazi na ya kuiacha. Aliyeondoka bila sahihi ya mwajiri alihesabiwa mtoro, akatafutwa na polisi. Kwa hiyo serikali ilikuwa na kumbukumbu nyingi za watu walioacha kazi, lakini haikuwa na haja ya kujua ni nani aliyeitafuta akaikosa. Katika fikra za utawala ule mtu wa namna hiyo karibu hakuwepo, kwa sababu mashamba ya walowezi na ya mkonge yalikuwa yakilalamika kila mara kwamba hayapati vibarua. Ujira wa mashamba hayo ulikuwa mdogo kiasi gani, na mtu alikuwa na sababu gani ya kuukataa, halikuwa swali la kuandikwa.

Dar es Salaam ilikuwa na utaratibu wake. Sheria ya mwaka 1944 iliwapa maofisa madaraka ya kuwaondoa mijini wenyeji waliohesabiwa kuwa hawatakiwi. Misako ikafanyika, vijana wakakamatwa, wakarudishwa kwao. Jina waliloitwa lilikuwa wahuni, na mwanahistoria Andrew Burton, aliyeandika kitabu kizima juu ya mji huo wakati wa ukoloni, ameonyesha jinsi neno moja lilivyobebeshwa mwizi, mtembezaji wa bidhaa, na kijana aliyefika mjini juzi na bado hajapata kibarua. Kenya nayo mwishoni mwa miaka ya 1940 ilitunga sheria iliyowahusu watu ‘wasio na kazi kwa hiari yao’. Hukumu ilikuwa ndani ya jina la sheria: ukikutwa huna kazi, umejitakia.

Katika mazingira kama hayo kijana mwenye akili timamu hakusema kwamba hana kazi. Alisema amekuja kumwona mjomba, au anamsaidia shemeji yake kuuza maji. Mazoea hayo ya kuficha hayakuisha bendera ilipobadilishwa.

Mombasa ilileta utata wa aina nyingine. Bandarini palikuwa na vibarua wa siku, watu walioamka alfajiri kwenda kusubiri kuitwa. Meli zikiwa nyingi walipata kazi, zikiwa chache walirudi nyumbani mikono mitupu. Mtu aliyeitwa siku kumi katika mwezi ana kazi au hana? Maofisa walibishana juu ya watu hao kwa miaka mingi, hasa baada ya mgomo mkuu wa Januari 1947 uliousimamisha mji mzima, na katika miaka ya 1950 wakaamua kuwapunguza vibarua na kubaki na kundi dogo la wafanyakazi wa kudumu. Ilikuwa nafuu kwa waliobaki. Waliotolewa walitoka pia katika hesabu za bandari, maana aliyekuwa akisubiri langoni bila kuitwa hakuwa tena kibarua wa mtu.

Mwaka 1972 ripoti moja ilibadilisha namna ya kuongea juu ya jambo hili. Shirika la Kazi Duniani lilituma Kenya ujumbe mkubwa ulioongozwa na Hans Singer na Richard Jolly, wataalamu kutoka Sussex, Uingereza. Walitarajiwa kuchunguza ukosefu wa ajira. Waliporudi walisema tatizo ni pana kuliko hilo, na wakaligawa mara tatu: kuna watafuta kazi wanaokata tamaa kwa kukosa kazi au malipo wanayoona yanawastahili, kuna watu wenye kipato kidogo mno hata wakifanya kazi, na kuna nguvu na ujuzi wa watu usiotumika ipasavyo. Waliwaandika wafuaji wa mabati, maseremala wa barabarani, wauza chakula na mafundi viatu kama watu wanaofanya kazi kwa bidii na bado ni maskini. Ripoti hiyo ndiyo iliyoeneza duniani habari ya sekta isiyo rasmi, ambayo Wakenya baadaye waliipa jina lao, jua kali.

Inasikitisha kwamba nusu tu ya ripoti hiyo ndiyo iliyosikika. Serikali na wafadhili walishika ile nusu iliyosema mafundi wa jua kali ni watu wa maana wanaostahili kuheshimiwa, na hilo ni kweli tupu. Nusu ya pili, iliyosema kipato chao hakitoshi na wengi wao wanatafuta kitu kingine, ilisahauliwa pole pole. Hadi leo taarifa ya uchumi ya Kenya hutangaza kila mwaka ajira mpya zilizopatikana. Kwa mwaka 2024 zilikuwa 782,300, na kati ya hizo 703,700 zilikuwa za sekta isiyo rasmi. Mama aliyeanza kuuza sukuma wiki baada ya mumewe kufukuzwa kiwandani yumo katika hesabu hiyo kama ajira mpya.

Tanzania ilipita njia iliyokuwa kali zaidi. Uchumi wa mwanzo wa miaka ya 1980 ulikuwa umebana: sabuni na sukari ni kwa foleni, mshahara hautoshi wiki mbili, na watumishi wenyewe wa serikali walifuga kuku na kuuza maandazi ili wafike mwisho wa mwezi. Mwaka 1983, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, Bunge lilipitisha Sheria ya Nguvu Kazi. Kila mwenye uwezo alitakiwa awe na kazi inayotambulika. Misako ikaanza Dar es Salaam. Aliyeshindwa kuonyesha kitambulisho cha kazi alipakiwa kwenye gari na kupelekwa kijijini au shambani akalime. Wauza kahawa, wapiga rangi viatu, vijana wa gengeni, wote waliingizwa katika kundi la wazururaji, ingawa wengine kati yao walikuwa wakiingiza pesa nyingi kuliko karani wa ofisini. Muda si mrefu ilibidi wenye biashara ndogo wapewe leseni, zilizojulikana kama leseni za nguvu kazi, na wengi waliokuwa wamehamishwa wakarudi mjini kimya kimya.

Sokoine alikuwa kiongozi aliyependwa, na nia ya kuongeza uzalishaji ilikuwa ya kweli. Lakini mtu anayetaka kuelewa kwa nini Mtanzania wa leo akiulizwa na mgeni mwenye fomu hujibu haraka kwamba ‘najishughulisha’ au ‘nipo nipo na biashara ndogo’, aikumbuke miaka hiyo. Kusema huna kazi kuliwahi kumpandisha mtu kwenye lori.

Mwaka mmoja kabla ya misako hiyo, huko Geneva, Mkutano wa Kimataifa wa Wanatakwimu wa Kazi ulikuwa umepitisha kipimo ambacho nchi nyingi zinakitumia hadi sasa. Mwenye kazi ni yule aliyefanya kazi kwa malipo au kwa faida, hata kama ni saa moja tu, katika kipindi kifupi kinachoulizwa, ambacho kwa kawaida ni siku saba. Asiye na kazi lazima atimize mambo matatu kwa pamoja: hakufanya hata hiyo saa moja, yuko tayari kuanza kazi, na amefanya juhudi za wazi kuitafuta. Akikosa moja kati ya hayo, ama anahesabiwa mwenye kazi, ama anatolewa kabisa katika hesabu ya nguvukazi.

Saa moja haikuchaguliwa kwa ubaya. Wanatakwimu walitaka hesabu ya wafanyakazi ilingane na hesabu ya pato la taifa, na katika pato la taifa kila saa ya kazi ina thamani yake. Walitaka pia nchi ziweze kulinganishwa. Kipimo hicho kinafanya kazi vizuri zaidi pale ambapo anayekosa kazi hulipwa posho na serikali akiwa anatafuta nyingine. Huko mtu anaweza kukaa mwezi mzima bila kugusa kibarua, na ofisi inamjua. Tanzania ina fao la upotevu wa ajira kupitia mifuko ya hifadhi ya jamii, lakini ni la mwanachama aliyekuwa akichangia kisha akapoteza kazi. Kijana ambaye hajawahi kuajiriwa hana pa kulipata. Hawezi kumudu kuwa bila kazi kwa namna ile wanayoitaka Geneva, kwa sababu asipofanya lolote kwa siku saba, hali.

Chukua binti aliyemaliza shahada ya elimu, anaishi kwa dada yake Mbagala. Jumatatu hadi Ijumaa anafuatilia matangazo ya kazi kwenye simu. Jumamosi anamshikia dada yake kibanda cha chipsi, anapewa shilingi elfu tano. Mdadisi anafika akiwa na kishikwambi, ametambulishwa na mjumbe wa mtaa, anakaa kwenye kigoda. Swali linakuja: katika siku saba zilizopita, ulifanya kazi yoyote ya kujipatia kipato, hata kwa saa moja? Anajibu ndiyo, maana ndio ukweli. Maswali yanayofuata yatauliza ni kazi ya aina gani, saa ngapi, angependa kuongeza saa au kubadilisha kazi. Majibu yote yataandikwa. Lakini kwa upande wa kiwango cha ukosefu wa ajira habari yake imekwisha: ana kazi.

Ofisi ya Taifa ya Takwimu ya Tanzania ililiona tatizo hili mapema, na inastahili sifa. Pamoja na kipimo cha kimataifa iliweka tafsiri ya kitaifa, inayowaongeza wale walio tayari kufanya kazi ingawa hawakuitafuta, na wale ambao kazi yao ni ya kubahatisha, leo ipo kesho haipo. Tofauti ni kubwa. Katika utafiti wa nguvukazi wa mwaka 2000/01 kipimo cha kimataifa kilitoa asilimia 5.1, cha kitaifa kikatoa 12.9. Wananchi walikuwa walewale na wiki ilikuwa ileile. Kwa tafsiri ya kitaifa Dar es Salaam peke yake ilivuka asilimia 40, na wastani wa nchi ukaifunika, kwa sababu kijijini karibu kila mtu ana jembe. Tangu hapo kiwango cha kitaifa kimeshuka: 11.7 mwaka 2006, 10.3 mwaka 2014, na 9.0 mwaka 2020/21.

Mwaka huo wa 2014 una picha ambayo Watanzania wengi hawajaisahau. Mwezi Juni, Idara ya Uhamiaji ilikuwa na nafasi 70. Walioitwa kwenye usaili walizidi 10,000, na kwa kuwa hakuna ukumbi wa kuwatosha, walikalishwa Uwanja wa Taifa, pale zinapochezwa mechi za Simba na Yanga. Vijana waliovaa mashati meupe na tai walijaza viti vya mashabiki. Miaka 11 baadaye Mamlaka ya Mapato ilitangaza nafasi 1,596 na kupokea maombi zaidi ya 135,000. Ungewauliza waliokuwa pale uwanjani kama walifanya kazi hata saa moja wiki hiyo, wengi wangesema ndiyo. Aliyetoka Mbeya au Bukoba pengine aliuza simu au alikopa kwenye kikundi ili apate nauli. Kuna picha za pasipoti, kuna nakala za vyeti za kuthibitishwa kwa wakili, kuna malazi kwa ndugu wa ndugu. Gharama hiyo ya kutafuta kazi inachukua fedha za watu maskini kila mwaka, na haimo katika kiwango chochote kinachosomwa bungeni.

Si Afrika Mashariki tu. Nigeria ilikuwa ikimhesabu mtu kuwa ana kazi akifikisha saa 20 kwa wiki, na mwishoni mwa mwaka 2020 kiwango chake kilikuwa asilimia 33.3. Mwaka 2023 ilihamia kwenye kipimo cha saa moja, na kiwango cha robo ya kwanza kikatoka asilimia 4.1. Vijana wa Lagos hawakuajiriwa kwa mamilioni katikati ya hapo.

Kipimo cha kimataifa kina mlango mwingine ambao watu hutokea bila kuonekana, nao ni kukata tamaa. Anayeacha kutafuta kwa sababu ameshachoka hahesabiwi tena kuwa asiye na kazi, hivyo kiwango kinaweza kushuka hali ikiwa inazidi kuwa mbaya. Nchini Kenya, wakati wa korona, kiwango kilipanda kutoka asilimia 5.2 robo ya kwanza ya mwaka 2020 hadi 10.4 robo ya pili, kisha mwishoni mwa mwaka kikarudi kwenye 5.4. Mwenye hoteli ya Malindi aliyekuwa bado amefunga milango wakati huo alijua wafanyakazi wake hawajarudi. Wengine walikuwa wamerudi kwao kulima. Wengine waliingia kwenye bodaboda, wakawa na kazi.

Halafu kuna wakati serikali inapotoa kitambulisho. Desemba 2018 Rais John Magufuli aliwakabidhi wakuu wa mikoa vitambulisho 670,000 vya wajasiriamali wadogo, kila kimoja kwa shilingi 20,000, na aliyekuwa nacho hakutakiwa kusumbuliwa na mgambo. Machinga walijipanga kuvichukua. Wengi wao, wenye cheti cha kidato cha nne au shahada kwenye bahasha nyumbani, ndio haohao wanaotuma maombi nafasi za serikali zikitangazwa. Mbele ya daftari la Kenya la 1964 mtu wa aina hiyo angeandikwa mtafuta kazi. Mbele ya lori la 1983 angekuwa mzururaji. Mwaka 2018 alikuwa mjasiriamali. Kila mara alisema ukweli kuhusu upande mmoja wa maisha yake, ule uliokuwa na faida au usalama kuusema.

Mwaka 2013 wanatakwimu wa kazi walikutana tena Geneva na kukubali mengi ya malalamiko haya. Kulima chakula cha kula nyumbani, kazi inayofanywa zaidi na wanawake, kukatenganishwa na ajira. Vikawekwa vipimo vinne, kuanzia ukosefu wa kazi wa kawaida hadi kile kipana kinachowajumlisha wenye saa chache wanaotaka zaidi na wale wanaotaka kazi ingawa wameacha kutafuta. Kenya na Tanzania zinakusanya taarifa hizo. Zimo ndani ya ripoti, kwenye majedwali ya kurasa za nyuma, baada ya ile namba moja ambayo waziri ameshaisoma na magazeti yameshaichapa.

Kuzileta mbele hakuhitaji utafiti mpya wala fedha za wafadhili. Ukurasa wa kwanza unaweza kuonyesha, mkoa kwa mkoa, ni wangapi walifanya kazi chini ya saa wanazozitaka, ni wangapi wanatafuta kazi nyingine huku wakiwa na hii waliyonayo, na ni wangapi wameacha kutafuta na kwa sababu gani. Ofisa ajira wa Temeke na mwenzake wa Kisumu wangepata kitu cha kufanyia kazi. Na yule binti wa Mbagala, ambaye majibu yake yote yaliandikwa kwenye kishikwambi, angeonekana mahali fulani katika ripoti kama alivyo: ana kazi ya Jumamosi, na ni mwalimu anayetafuta darasa.